War Thunder kwa macho ya opereta wa buldoza: kifaru ni cha kweli, ardhi bado

Kilichonifanya niliamini War Thunder, gemu la vita la mtandaoni, ni rivasi ya T-72. Kifaru hicho cha Kisovieti, kilichoingia jeshini mwaka 1973, kina injini ya dizeli ya silinda 12 yenye nguvu za farasi 780, na mbele kinakwenda vizuri tu. Ukikirudisha nyuma, kinatambaa kwa kilomita 4 kwa saa. Hiyo ni mita 1 na kidogo kwa sekunde. Bodi lake lina urefu wa karibu mita 7, kwa hiyo ukichungulia juu ya kilima, ukafyatua, kisha ukataka kujificha, unahesabu sekunde 6 kabla hujaondoka pale ulipokuwa umesimama. Moja. Mbili. Tatu. Na mpakiaji wa upande wa pili ameshasukuma risasi nyingine ndani ya mzinga.

Niseme mimi ni nani ili ujue nayaona mambo nikiwa wapi. Ni opereta wa buldoza, huu ni mwaka wa 11. Mashine ninayokalia sasa ina tani karibu 40, na T-72 ina tani 41 hivi, kwa hiyo uzito ni uleule. Jeshini sijapita na vita sivijui. Ninachokijua ni chuma kizito kinachotembea kwa minyororo, ambayo sisi kazini tunaiita cheni: kinavyokata kona, kinavyozama topeni, kinavyogoma kupanda mwinuko ambao kwa macho ulionekana si kitu. Nimecheza War Thunder miaka minne, karibu yote upande wa magari ya kisasa ya ardhini, na tathmini hii ni ya upande huo. Ndege na meli wataziandikia wanaozijua.

Mashine niliyojifunzia kazi ilikuwa ya zamani, ya klachi na breki. Ukitaka kukata kulia unavuta wenzo wa kulia, cheni ya kulia inasimama, ya kushoto inaendelea kusukuma, na mzigo wote unazunguka juu ya ile iliyosimama huku ukichimba udongo kama jembe. Huwezi kugeuka palepale ulipo, lazima utanue kidogo. Siku ya kwanza nilipoigeuza T-72 kwenye gemu, mkono wangu uliitambua kabla ya akili. Ndivyo inavyogeuka, kwa kushika mnyororo mmoja, kwa sababu gia zake hazikuundwa kupeleka mnyororo mmoja mbele na mwingine nyuma kwa wakati mmoja. Leopard 2 ya Ujerumani inaweza. Unaikamata kona, inajizungusha palepale kama pia. Na rivasi yake inafika kilomita 31 kwa saa, karibu mara 8 ya ile ya T-72.

Hapo ndipo nilipoelewa kitu ambacho watu wengi wanaobishana kuhusu uhalisia na usawa hawakigusi. Wanazungumza unene wa deraya, yaani chuma cha kinga, na urefu wa mshale wa risasi, milimita ngapi inatoboa milimita ngapi. Lakini mechi nyingi zinaamuliwa na sanduku la gia. Wahandisi wa Kisovieti walichora kifaru kifupi, chepesi, cha watu watatu, cha kusonga mbele kwa wingi. Wajerumani walichora kifaru cha watu wanne cha kupiga, kurudi, kuhama, na kupiga tena. Gemu limechukua mawazo hayo mawili na kuyaacha yalivyo, bila kuyasawazisha kwa nguvu. Mtu anayecheza T-72 kama Leopard atakufa kila mara, na haitakuwa dhuluma.

Nilicheza gemu jingine kabla ya hili, sitalitaja jina, ambalo kila kifaru kiligeuka sawa na kila kingine, kama kiti cha magurudumu. Waliotengeneza walidhani huo ndio usawa. Niliacha baada ya wiki mbili, kwa sababu sikuwa na sababu yoyote ya kuchagua kifaru kimoja badala ya kingine zaidi ya rangi.

Nina mdogo wangu ambaye huwa tunacheza pamoja, kila mtu na hedifoni yake. Yeye hupenda vifaru vya Kisovieti kwa sababu viko chini chini, kichwa kidogo, vigumu kuonekana. Usiku mmoja alikuwa na T-72A juu ya tuta, mimi nikiwa upande wa kushoto nyuma ya ghala. Alipiga, akakosa.

"Kaka, kuna Leopard pale kwenye mti uliokauka."

"Nimeiona. Toka hapo."

"Natoka."

"Toka, mdogo wangu, inapakia."

"Natoka, kaka, natoka!"

Alikuwa anatoka kweli. Niliiona T-72 yake inashuka lile tuta polepole, mtutu wake ukiinuka kuelekea mawinguni kwa sababu hauwezi kushuka zaidi ya nyuzi 6 hivi chini ya usawa, kwa hiyo hata kama angepakia mapema asingeweza kumlenga adui kutoka ule mteremko. Leopard inashusha nyuzi 9. Yule Mjerumani alisimama nyuma ya kilima chake, akatoa tureti peke yake, kile kichwa kinachozunguka na mzinga, akapiga mara moja. Mdogo wangu alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Nilipaswa kupanda kwa kinyumenyume." Na tangu siku hiyo ndivyo anavyofanya. Anafika mahali pa hatari akiwa ameshaupa mgongo, tureti imegeuzwa nyuma, ili kutoroka kuwe ni kwenda mbele. Hakufundishwa na mtu. Amefundishwa na gia ya rivasi.

Ndani ya karakana ya gemu kuna kifaa ambacho kwangu kinatosha kuwa sababu ya kulipakua hata kama hutacheza mechi. Unachagua kifaru, unakivua ngozi, unaona kila kitu ndani: injini, matangi ya mafuta, watu walivyokaa, risasi zilivyolazwa. Halafu unachagua risasi ya adui na umbali, unapeleka kishale mahali popote mwilini, na kifaa kinakuonyesha kama inapita au haipiti, na ikipita vipande vinatawanyika vipi. Jioni nyingi nimekaa hapo na Leopard 2A4. Inabeba risasi 42. Kumi na tano ziko nyuma ya tureti, kwenye chumba chenye mlango wake na vifuniko vya juu vilivyotengenezwa viruke vikilipuliwa, ili moto utoke nje na watu wabaki salama. Zile 27 nyingine ziko mbele ndani ya bodi, kushoto kwa dereva, na pale hakuna kifuniko cha kuruka. Dereva anakaa kulia. Kwa hiyo ukikutana na Leopard uso kwa uso, ghala liko upande wa mkono wako wa kulia. Piga hapo, na kama deraya imekubali, mazungumzo yamekwisha.

M1 Abrams ya Marekani imeweka karibu risasi zake zote nyuma ya tureti, kwenye chumba cha namna hiyohiyo. Ukiipiga ghala lake, moto unafumuka juu kama bomba la moshi, lakini kifaru kinaweza kuendelea kutembea, kimebaki bila meno. T-72 inaweka risasi 22 kwenye sahani inayozunguka sakafuni, chini ya miguu ya watu wenyewe, na mashine ndiyo inayoziokota na kuzipakia. Ndiyo maana inahitaji watu watatu badala ya wanne, ndiyo maana ni fupi, na ndiyo maana ikitobolewa pembeni tureti huruka. Toleo la awali lilibeba jumla ya 39, zile za ziada zikiwa zimebanwa huku na kule ndani ya bodi. Mchezaji mzoefu hupunguza mzigo kwenye orodha kabla ya mechi, anachukua zile za sahani peke yake, ili kusiwe na baruti kwenye kuta. Nimependa sana hilo. Ni uamuzi ambao mtu wa kifaru halisi angeuelewa bila kuelezwa.

Ukipiga, gemu linakuonyesha dirisha dogo lenye ndani ya kifaru cha adui. Mshale unaingia, unafungua mwavuli wa vipande vya chuma, na kila kitu kinachoguswa kinabadilika rangi: njano, chungwa, nyekundu, nyeusi. Hakuna damu wala kelele za watu. Mara ya kwanza nilijiona mwanafunzi wa fundi. Baada ya mwezi nilianza kuangalia pale alipokaa mpakiaji, nikagundua kwamba akiumia, mzinga wa Abrams unachelewa. Mpakiaji aliyefunzwa vizuri hupakia kwa sekunde 6 au pungufu. Mashine ya T-72 inachukua 7 na kitu, lakini haichoki wala haina ujuzi wa kupanda au kushuka. Tena tofauti ya kweli, tena imeachwa ifanye kazi yake.

Kuna kiasi cha uongo ambacho nakikubali bila kinyongo. Mnyororo ukikatika kwenye gemu, unabonyeza kitufe, wafanyakazi wanaurekebisha kwa nusu dakika au zaidi kidogo, unaendelea. Nimerudisha cheni iliyotoka mimi mwenyewe, kwa nyundo nzito, jeki na watu watatu, kwenye matope, na ilitula nusu siku. Hakuna anayetaka kucheza hiyo. Wamepunguza muda lakini hawajaondoa uzito: ukikatwa mnyororo uko uwanjani wazi, ile nusu dakika inatosha kufa. Huo ni uongo unaoheshimu ukweli.

Sasa usawa.

Kila gari limepewa namba ya kiwango chake vitani, BR, inayopanda kwa hatua za 0.3 au 0.4, na mfumo wa kupanga mechi haukukutanishi na gari lililokuzidi zaidi ya 1.0. Namba hiyo haitokani na mwaka wa gari. Inatokana zaidi na jinsi wachezaji wanavyofanya nalo. Kwenye karatasi ni wazo la haki: gari likishinda mno linapandishwa, likishindwa linashushwa. Matokeo yake ni kwamba vifaru vizito vya mwaka 1944, vilivyojengwa kwa unene wa chuma, vinajikuta mbele ya magari mepesi ya miaka ya 1950 na 1960 yanayopiga risasi za HEAT, zinazotoboa kwa mlipuko uliolengwa, ambazo unene wa chuma kile hauzisumbui. Huku juu kwenye magari ya kisasa tatizo linabadilika sura. Kifaru chenye kamera ya joto kinapangwa pamoja na kisicho nayo, kwa sababu tofauti yao ya namba ni chini ya 1.0. Usiku, au kwenye vichaka, mmoja anaona umbo jeupe linalong'aa na mwingine anaona majani. Hapo namba imesema wako sawa, na macho yanasema hawako sawa.

Wapo wanaosema basi tuache namba, tupange kwa historia. T-72 na Abrams za miaka ileile, zikutane. Mimi nawauliza kama wanajua nini kilitokea tarehe 26 Februari 1991 kusini mwa Iraki, mahali panapoitwa 73 Easting. Kikosi kimoja cha Marekani chenye Abrams 9 za M1A1, chini ya kapteni H.R. McMaster, kiliingia ndani ya ulinzi wa Wairaki katikati ya dhoruba ya mchanga, na kwa dakika 23 kikavunja vifaru na magari kwa makumi. Wamarekani walikuwa na kamera za joto, zinazoona ndani ya vumbi. Wairaki walikuwa na T-72 za kuuza nje, risasi dhaifu, na hawakuona anayewapiga. Huo ndio uhalisia kamili. Weka mechi ya namna hiyo mtandaoni uone nani atajiunga upande wa pili mara ya tatu.

Kwa hiyo gemu linalazimika kuipa T-72 risasi nzuri za Kisovieti badala ya zile za kuuza nje, na kuipanga na wenzake wanaolingana kwa macho na mkono. Ni kazi ngumu, na siwaonei wivu wanaoifanya.

Nimeangalia wengine wanavyolitatua. World of Tanks, gemu lililokuja mwaka 2010, linatumia kiwango cha uhai: kila kifaru kina namba ya uhai, kila pigo linapunguza, na uwezo wa risasi unayumba hadi asilimia 25 juu au chini kwa bahati. Kwa vifaru vya zamani unaweza kulivumilia. Armored Warfare lilijaribu mtindo huohuo kwa magari ya kisasa, na kwangu halikukaa. Kifaru cha kisasa ama kimetobolewa na kimekufa, ama kimekataa na kinaendelea. Hakiishi kwa kumegwa kidogo kidogo. Upande wa pili kabisa kuna Steel Beasts ya eSim Games, ambayo toleo lake la kitaalamu linatumiwa na majeshi kadhaa kufundishia. Pale hakuna anayehangaika na usawa wa gari kwa gari. Anayeandaa zoezi ndiye anayesawazisha: hawa wachache wazuri, wale wengi wa kawaida, hawa wanalinda, wale wanashambulia. Na Squad, ambalo si la vifaru hasa, ni la askari wa miguu, lina njia ninayoiona nzuri kuliko zote kwa uwanja wa wachezaji wengi: kila gari likipotea, timu nzima inakatwa tiketi, ile akiba ya pamoja ambayo ikiisha mmeshindwa, na kwa kifaru zinakatwa nyingi. Kifaru kinabaki na nguvu zake zote, ila kukipoteza ni msiba wa kila mtu. Hapo mtu anakitunza. Anaacha kukimbilia katikati ya barabara.

War Thunder lina kitu kinachokaribia hapo. Baada ya gari la kwanza kufa, unahitaji pointi kuingia na jingine, na gari zito au ndege lina bei kubwa kuliko gari jepesi. Lakini bei hiyo inamwangukia mchezaji mmoja zaidi kuliko timu. Ningependa timu iumie zaidi.

Nije kwenye jambo linalonikaa moyoni, ambalo mtu aliyezoea kazi ya udongo hawezi kulipita. Mashine ni nusu, nusu nyingine ni ardhi. Buldoza bora kabisa ukiliweka kwenye uchochoro wa upana wa mita 5 halina maana, na mtu wa koleo atalishinda. Vifaru vya kisasa vilichorwa kwa ajili ya tambarare. Deraya yote imerundikwa mbele, kwa sababu walitegemea adui awe mbele, mbali. Mwaka 1991 kifaru cha Uingereza, Challenger 1, kilipiga kifaru cha Iraki kutoka kilomita 4.7 hivi. Leza ya kupima umbali, kompyuta ya kulengea, kamera ya joto, mzinga wa milimita 120, vyote ni vya umbali huo.

Sasa chukua chombo hicho ukitie kwenye ramani kama Advance to the Rhine, mitaa ya mji uliobomoka, ambapo adui anajitokeza kwenye kona mita 60 kutoka kwako, pembeni. Leza haina kazi. Deraya ya mbele haina kazi. Anayeshinda ni mwenye tureti inayogeuka haraka na masikio mazuri. Ndiyo maana Leopard 1, kifaru cha mwaka 1965 chenye deraya nyembamba ambayo hata mizinga midogo inaweza kuitoboa pembeni, kinafanya vizuri mjini mikononi mwa mtu mjanja, na watu wanakuja kulalamika kwamba haiwezekani. Inawezekana sana. Umbali ukiuondoa, umefuta miaka 30 ya uhandisi.

Na ule mfumo wa namba unapima matokeo ya viwanja hivyo. Ramani ndogo inaharibu takwimu za gari lililochorwa kwa umbali, namba yake inashuka au inapanda kwa sababu isiyo yake, halafu siku linapopelekwa kwenye ramani pana kama Red Desert linakuta wenzake si wa kiasi chake. Wachezaji wanalaumu gari. Wanaandika kwamba deraya ya fulani imeongezwa kwa upendeleo, kwamba risasi ya fulani imepunguzwa makali. Wakati mwingine wana hoja. Mara nyingi gari liko sawa, ardhi ndiyo iliyo ndogo. Kama wangenipa nafasi ya kuomba kitu kimoja, nisingeomba kifaru kipya hata kimoja. Ningeomba ramani za magari ya kisasa ziwe na mstari wa kuona wa kilomita 3, zenye mabonde ya kujifichia njiani, ili anayetaka kukaribia awe na njia na anayetaka kupiga mbali awe na sababu.

Kuhusu siri za kijeshi niseme kwa kifupi, kwa sababu kila anayesikia jina la gemu hili huuliza kama kweli wachezaji wake wamevujisha siri hizo. Ndiyo, ni kweli. Mwaka 2021 mchezaji mmoja alibandika hadharani kurasa za mwongozo wa Challenger 2, kifaru cha Uingereza, ili kuthibitisha kwamba deraya yake ilikuwa imeundwa vibaya. Mwaka huohuo zikafuata za Leclerc ya Ufaransa, na 2022 za risasi ya kifaru cha China. Kampuni ya Gaijin Entertainment, wenye gemu hili, hukataa nyaraka za namna hiyo na kuziondoa, na inafanya vizuri. Usimfuate mtu huko. Hakuna ushindi wa mezani unaolingana na kifungo. Ila tukio lenyewe linaonyesha mpaka wa kitu tunachokiita uhalisia: ndani ya deraya ya kisasa kuna nini ni siri, kwa hiyo kila gari la kisasa kwenye gemu lolote ni makadirio. Kile kisicho siri, yaani uzito, gia, pembe za mtutu, mahali risasi zilipo, ndicho kinachoweza kufanywa kweli, na hapo wamefanya kweli.

Juu angani sitakaa sana. Helikopta ziliingia mwaka 2018, na kombora kama Vikhr la helikopta ya Kirusi Ka-52 linapiga kutoka kilomita 8 na zaidi, mbali kuliko ramani nyingi za vifaru zilivyo pana. Dawa yake ni kuwa na mtu wa kutungua ndege kwenye timu. Na watu hawapendi kazi hiyo, kama vile kazini hakuna anayependa kubaki na bomba la grisi wakati wenzake wanaendesha. Mimi huichukua. Gepard ya Ujerumani, yenye mizinga miwili ya milimita 35, ni gari la kupendeza kuliko watu wanavyodhani, na helikopta iliyozembea ikishuka chini ya kilomita 3 utaisikia inabadilisha mawazo. Ila dhidi ya ile inayokaa mbali na kurusha kombora, Gepard haina la kufanya, unahitaji gari la makombora, nalo liko juu zaidi kwenye ngazi.

Fedha. Kulipakua ni bure, kwenye kompyuta na kwenye koni za PlayStation na Xbox. Kufika kwenye magari ya kisasa bila kulipa ni kazi ya miezi mingi, na kwa miaka mingi kila gari jipya lilikuja likiwa pungufu: vipuri vya matengenezo na kizimamoto ulivitafuta kwa kucheza nalo hivyohivyo. Hilo sikulipenda na sikuliona kama uhalisia wa aina yoyote. Hakuna mwenye akili anayepeleka mashine kazini bila kizimamoto. Mwaka 2023 wachezaji waliandika tathmini mbaya kwa wingi kuhusu uchumi wa gemu, na ukarekebishwa kwa kiasi. Yanauzwa pia magari ya ngazi za juu kwa fedha halisi, mfano 2S38 ya Urusi yenye mzinga wa milimita 57. Ushauri wangu ni kwamba usianze na hilo. Anayenunua gari la juu siku ya kwanza hajui kona wala tuta, anakufa mara tatu ndani ya dakika tano, na timu yake inabaki pungufu. Panda ngazi. Pitia vifaru vya miaka ya 1950 na 1960 visivyo na leza wala kamera ya joto, ujifunze kukadiria umbali kwa jicho. Ukifika juu utakuwa na shingo inayojua kugeuka.

Chagua hali ya Realistic. Arcade inakuwekea alama inayokuambia pa kupiga, na inakunyima raha yote ya kusoma kifaru. Simulator, unapoona kwa macho ya waliomo ndani peke yao, ni nzuri ajabu kwa mtu anayetaka kusikia uzito, na ndiko magari ya kisasa yanakokaribia zaidi kuwa yalivyo. Ila mechi zake hazipatikani kila saa.

Weka sauti juu. Turbini ya Abrams, ile AGT-1500 ya farasi 1,500, inalia kama ndege inayojiandaa kuruka, si kama dizeli. Ukijifunza kutofautisha sauti hiyo na mngurumo wa silinda 12 za T-72, utajua nani yuko nyuma ya ukuta kabla hajajitokeza, na utajua pia kama ana rivasi ya kukukimbia.

Usiku huu mdogo wangu amekubali kuziacha T-72 zake, anataka tutoke wote na Leopard 2A4. Nimeshamwambia abebe risasi 15 tu, zile za nyuma ya tureti, ghala la kando ya dereva liende tupu.